Uzi Mwekundu kwenye Viatu vya Mama

Kaka yangu ndiye aliyenipa kazi ya kuandika orodha. Alinipigia simu siku tatu kabla ya safari, akaniambia kwa ile sauti yake ya mkubwa wa nyumba kwamba, maadamu nitakuwa na mama siku sita mfululizo, basi niandike kila atakachosahau. Niandike kitu chenyewe, na saa. Nikirudi Maskati tutakutana nyumbani kwake Ijumaa, orodha itasomwa, kisha tutaamua.

Cha kuamua tulikijua sote watatu, yeye, mimi na dada yetu wa katikati. Tangu baba afariki, mama anaishi peke yake mtaa wa Wattaya, kwenye nyumba ya zamani iliyobanwa na maduka ya kuuzia magari mbele na nyuma. Kaka alikuwa ameshaondoa vitu kwenye chumba kimoja cha nyumba yake huko Sib. Amekipaka rangi, ametia kiyoyozi kipya na kitanda kifupi cha mtu mwenye magoti mabovu. Mama alipelekwa kukitazama. Akakisifu kwa adabu, kama mtu anavyosifu chumba cha hoteli, halafu akaomba arudishwe kwake. Ndani ya gari aliniambia maneno machache ambayo niliyabeba wiki nzima. "Mie pale nnapajua. Mkinitoa pale ndo ntaanza kupotea kweli."

Sababu za kumtoa zilikuwepo, nisidanganye. Mwezi wa Shaabani alisahau sufuria juu ya gesi mpaka ikaungua, na moshi ukamleta jirani mbio. Aliwapa wageni chai ya chumvi. Mchana mmoja aliniita mara mbili kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki, na nilipomsahihisha alikasirika, akasema anajua, anajua, ilhali ilikuwa wazi kwamba hajui. Mimi nikiogopa huwa mkali. Tabia hiyo naijua, watu wameniambia, na bado sijaweza kuiacha. Siku ile nilimjibu vibaya, kisha nikaenda kulia ndani ya gari.

Safari ilikuwa shauri langu mwenyewe. Nilikuwa na likizo iliyobaki, na mama alikuwa akisema miaka nenda miaka rudi kwamba baba alimwahidi kumwonyesha Ulaya, akafa na ahadi yake. Kaka alipinga. Aliniuliza ni akili gani hiyo, mtu anayesahau sufuria unampandisha ndege masaa saba. Nikamwambia kwamba Ulaya hapiki. Lilikuwa jibu la jeuri, na nilipolitoa nilijua kwamba lolote litakalotokea huko litakuwa juu ya kichwa changu. Mji wenyewe siutaji, maana kaka akiusikia tu anaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo, na mimi kile kitabasamu sikipendi.

Orodha niliianza kabla hata hatujatoka. Nilikuwa nimemnunulia mama raba nyeusi, laini, za kufunga kwa mkanda juu, kwa ajili ya matembezi. Asubuhi ya safari nilipokwenda kumchukua nilizikuta mlangoni, na kwenye mkanda wa kila raba ameshona uzi mwekundu. Si uzi mmoja wa siri. Ameuzungusha mara nyingi mpaka ukafanya fundo nene, linaloonekana kutoka upande wa pili wa barabara. Viatu vipya, vya bei, vimetiwa alama kama mifuko ya mchele. Nilimuuliza kwa nini amefanya hivyo. Akanitazama kwa mshangao, akasema, si viatu vyake? Niliandika kwenye simu: saa moja asubuhi, kashona uzi mwekundu kwenye viatu vipya, hana sababu. Chini yake nikaandika kwamba uwanja wa ndege ameuliza pasi yake iko wapi, nayo anayo mkononi.

Siku mbili za mwanzo orodha ilikua kidogokidogo. Aliuliza mara tatu kama hoteli ina maji ya kutilia udhu. Alisahau namba ya chumba. Aliswali Alasiri, kisha akaniuliza kama ameshaswali. Kila jioni nilituma kwenye kundi letu la ndugu, na kaka akijibu kwa neno moja, sawa. Dada yeye alikuwa akituma alama za moyo tu, na hizo zilinitia uchungu kuliko neno la kaka.

Siku ya tatu tukaenda kwenye jumba la makumbusho ya sanaa.

Kazi yangu ni ramani. Miaka zaidi ya ishirini nimekuwa nikichora na kusahihisha ramani za mitaa yetu, wapi bomba linapita, wapi njia inaishia. Kwa hiyo usiku sikulala bila kupata mchoro wa lile jumba na kupanga njia kwa kalamu. Lilikuwa na ghorofa tatu na mabawa mawili, vyumba zaidi ya mia. Nilipanga tuanzie kulia, tupande kwa ngazi za nyuma, tukwepe vyumba vya picha za watu walio uchi, tumalizie kwa chai. Nilijiona hodari sana.

Mlangoni tulitakiwa kuacha makoti na mabegi. Nikamvua mama koti lake haraka, kwa sababu foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu, nikalikabidhi, nikapewa kibati chenye namba. Tulipokuwa tumeshapanda ngazi ndipo nilipokumbuka kwamba simu yake ilikuwa mfukoni mwa lile koti. Nikasema si kitu, tuko pamoja. Hilo sikuliandika kwenye orodha, kwa kuwa kosa lilikuwa langu.

Hodari wa ramani nikamwingiza mama moja kwa moja kwenye ukumbi niliotaka kuukwepa. Ukuta mzima, kutoka sakafuni mpaka darini, wanawake na wanaume hawana hata uzi. Uso ukaniwaka moto. Nikamshika mkono ili tugeuze, lakini yeye alikwishasimama, ameweka mikono nyuma, anawatazama mmoja mmoja kwa huruma.

"Masikini," akasema. "Na baridi yote hii."

Tukaendelea. Wafalme hawakumshughulisha, wala vita. Farasi mmoja aliyesimama kwa miguu miwili alimfanya aseme astaghfirullah. Nilikuwa nimeanza kusikitika kwamba nimemchosha bure, mpaka tulipoingia kwenye chumba cha kuta za kijani, na ndani yake picha moja kubwa, ndefu kuliko gari, ya meza ya muuza samaki. Samaki wa kila aina wamelundikwa, wengine wanatoa vichwa nje ya kapu, mmoja amekatwa vipande, na kisu bado kimelala pembeni.

Hapa inabidi nieleze kwamba mama hanunui samaki wa kwenye barafu. Kila akihitaji samaki wa maana, mmoja wetu hana budi kumpeleka mpaka Qurayyat, mwendo wa saa nzima na zaidi, akasimame ufukweni na abaya yake akiwafunua mashavu nguru wa watu mpaka wavuvi waanze kucheka. Basi mbele ya picha ile alifanya vilevile. Aliinama mpaka mlinzi akakohoa. Alikagua macho, alikagua magamba, akarudi nyuma hatua mbili, akatoa hukumu.

"Huyu wa jana," akasema, akionyesha kwa kidevu. "Jicho limezama. Yule wa pembeni ndo mbichi. Aliyechora kamjua samaki."

Nilicheka, na yeye akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo tulipocheka pamoja bila mimi kumchunguza. Akanieleza jinsi mama yake alivyokuwa akimtuma sokoni Unguja, na akirudi na samaki mwenye jicho kama lile anarudishwa njia nzima kwa miguu. Jina la muuzaji alilikumbuka, na rangi ya kikapu pia.

Halafu magoti yakamzidi. Kulikuwa na benchi lililoegeshwa ukutani, nyuma ya mlango tulioingilia, akakaa. Akasema angepata chai angekuwa mtu. Nikamwambia asubiri, nitakwenda kutafuta mkahawa na lifti, kisha nije nimchukue bila kupanda ngazi tena. Nikamwambia asiondoke pale. Nikarudia, na mara ya tatu nikalisema kwa sauti tunayowasemea watoto wa chekechea, mbele ya mlinzi na wageni. Mama akanitazama.

"Nshasikia," akasema. "Nenda. Mie nipo."

Mkahawa ulikuwa chini, foleni imejikunja mara mbili. Nikaona kibao cha lifti, nikakifuata, nikaipata lifti mwisho wa ukumbi ambao sikuutambua. Nikapanda. Nikatoka juu, nikafungua ramani yangu, nikahesabu milango, nikaingia kwenye chumba cha kuta za kijani. Benchi lilikuwepo, palepale nyuma ya mlango. Ukutani kulikuwa na picha za vyakula. Mama hayupo.

Mwanzoni sikuogopa, nilikasirika. Nilisema moyoni, nimemwambia mara tatu. Nikatazama chumba cha pili, cha tatu, nikarudi. Nikaenda mpaka chooni, nikaita kwa Kiswahili, mama, mama, na sauti yangu ikarudi kutoka kwenye marumaru. Ndipo nikaogopa. Mama haijui lugha ya mji ule hata salamu. Anajua Kiswahili na Kiarabu, na Kiingereza chake ni cha kuomba maji. Simu imo ndani ya koti. Jina la hoteli sikuwa nimemwandikia popote. Nje kulikuwa na barabara kubwa yenye treni zinazopita katikati ya watu.

Nilikimbia vyumba ishirini, labda thelathini. Sikuona picha hata moja, nilitafuta weusi wa abaya tu, na mara mbili nilimfuata mwanamke mwenye koti jeusi na nikamshika bega. Simu ikatetemeka mfukoni. Nikaitoa kwa pupa, nikidhani sijui nini. Alikuwa kaka, kwenye kundi. *Leo vipi mama?*

Nilisimama na ile simu mkononi. Maskati ilikuwa saa za alasiri, nilijua amekaa wapi, kwenye kiti gani, akingoja orodha ya siku. Nikaona kile chumba cha Sib, rangi yake mpya na kitanda kifupi. Nikaona mama amekaa juu yake ameshika mkoba, mgeni katika nyumba ya mwanawe. Na mimi ndiye niliyemfikisha hapo, kwa likizo yangu na ramani yangu na jibu langu la jeuri. Sikujibu ujumbe. Nikamtafuta mtu wa jumba.

Nilimpata mwanamke wa makamo, nywele za mvi, redio kiunoni. Nilimweleza kwa Kiingereza kilichovunjikavunjika, mimi ninayeandika ripoti kwa Kiingereza kila wiki. Mama yangu, miaka sabini na sita, nguo ndefu nyeusi, mtandio wa rangi ya maziwa. Akasema kwenye redio. Tukangoja. Redio ikajibu, akasikiliza, uso wake ukabadilika kidogo, akaniuliza kwa upole ulionitisha kuliko ukali. Aliuliza kama mama yangu ana kawaida ya kuvua viatu.

Kuna maswali ambayo mtu akiulizwa tu anajua yameshajibiwa. Mtu akianza kuvua viatu katikati ya watu, ugenini, kwenye sakafu ya marumaru na baridi, hakuna tena cha kujadili siku ya Ijumaa. Nikamjibu kwamba nyumbani sote tunavua, hapa hapana. Akasema amepatikana bibi mmoja asiye na viatu, na kwamba viatu vyenyewe ameviweka mlangoni na hataki viguswe. Akaniomba nimfuate.

Tulitembea muda mrefu. Tulivuka ukumbi mkubwa wa katikati, na hapo ndipo nilipoanza kufahamu kwamba lile jumba lina mabawa mawili yaliyofanana kama viatu vya jozi moja, cha kulia na cha kushoto, na kwamba mimi, mtaalamu, nilikuwa nimeishika ramani kichwa chini. Saa nzima nilikuwa nikimtafuta mama kwenye bawa ambalo hajawahi kulikanyaga. Chumba kile cha kijani nilichokuta benchi kilikuwa na mikate, ndimu na ndege waliochinjwa. Samaki hawakuwemo, na sikuwa nimeona.

Tukaingia kwenye bawa lenyewe. Milango ya vyumba ilikuwa imepangwa mstari mmoja, mtu akisimama mwanzo anaona mpaka mwisho. Na pale mbele, mlango wa nne au wa tano, kwenye kizingiti, niliona raba mbili nyeusi. Zilikuwa zimewekwa sambamba, ncha zimetazama nje, tayari kwa mwenyewe kutoka na kuvaa. Na juu ya kila moja, nukta nyekundu.

Nikakumbuka hapo hapo nilipokuwa nimesimama.

Tulipokuwa wadogo, mama alikuwa akituburuta sote watatu kwenye harusi na misiba. Nyumba imejaa wanawake mia mbili, wote abaya nyeusi, wote kwa mgongo ni mama yako. Mtoto hushika nguo ya mtu, na anayegeuka ni mwingine. Basi mama alituwekea kanuni. Viatu vyake peke yake vilikuwa na uzi mwekundu, alivitia alama ili avijue katika lile rundo la mlangoni, na sisi tuvijue. Kila tukifika, kabla hajatuachia mikono, anatusimamisha mbele ya viatu vyake na kutuuliza: tukipoteana? Na sisi tunajibu kwa pamoja: viatuni. Usinitafute, akisema. Ukinitafuta na mie nikikutafuta tutazungukana mpaka kesho. Rudi kwenye viatu, nitakukuta.

Zaidi ya miaka arubaini nilikuwa sijaifikiria kanuni ile. Nilikuwa nimeiandika kwenye simu, kwa mkono wangu, kama dalili ya ugonjwa.

Ndani, mama alikuwa amekaa palepale nilipomwacha, soksi zake za kijivu zimegusana, tasbihi mkononi. Mlinzi kijana alikuwa amesimama kando ya zile raba kama anayezilinda, na mzee mmoja mwenye fimbo alikuwa akimnong'oneza jambo huku akionyesha viatu vyake mwenyewe. Yule mwanamke wa redio aliniambia baadaye kwamba mzee yule alikuwa anauliza kama na yeye avue.

Mama aliinua uso.

"Umekawia," akasema. "Ulipotelea wapi?"

Nilikaa kwenye benchi, nikamlalia bega, nikalia mbele ya samaki wote wale. Alinipapasa kichwa juu ya mtandio, hakuniuliza zaidi. Nilipotulia alinieleza, taratibu, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. Alisema alingoja dakika zile nilizoahidi, zikapita, zikapita nyingine. Akajua nimepotea. Akafikiri aondoke anitafute, akajikataza. Kisha akaona kwamba benchi liko nyuma ya mlango, na mtu akipita kule nje hawezi kumwona. Lakini kizingiti kinaonekana kutoka mbali.

"Nkasema ntaweka viatu," alisema. "Mwanangu akiviona atajua. Huyu kijana akataka kuviondoa. Nkamwambia kwa Kiarabu, hakufahamu. Nkamwambia kwa Kiswahili, viache, mtoto wangu kapotea. Hakufahamu pia, lakini kaviacha."

Nikamshukuru yule kijana mpaka akaona haya. Nikainama, nikamvalisha mama raba zake, nikafunga mikanda, na vidole vyangu vikapita juu ya lile fundo la uzi. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ya mtu aliyepapasa mfuko mtupu kisha akakuta kitu mfuko wa pili. Tulikwenda kunywa chai. Mama aliilaumu kwa kukosa iliki, akanywa vikombe viwili. Kaka nilimjibu kwa maneno mawili, mama mzima.

Ijumaa tulikutana Sib baada ya chakula. Mama aliingia chumba cha ndani kuswali na kujinyoosha, akatuachia sebule. Kaka alikaa kwenye kiti chake. Dada alikaa karibu nami, mikono mapajani. Nikatoa simu, nikasoma.

Nilisoma yote. Nilikuwa nimefikiri njiani kufuta hili na lile, nikaona haifai, sikwenda kumtetea mama kwa uongo. Nikasoma pasi, nikasoma maji ya udhu, namba ya chumba, Alasiri iliyoulizwa. Kaka alikuwa akitikisa kichwa kwa kila moja. Kisha nikarudi juu kabisa, kwenye lile la kwanza nililoliruka, nikasoma: kashona uzi mwekundu kwenye viatu vipya, hana sababu.

Kaka akaacha kutikisa kichwa. Nikaanza kuwaeleza, nikianzia kwenye koti na simu, nikaja kwenye benchi, nikakiri ramani kichwa chini. Nilipofika kwa yule mwanamke aliyeniuliza habari ya kuvua viatu, kaka alinikatiza.

"Viatuni," akasema.

Alilisema polepole, hakumtazama yeyote. Halafu akatusimulia jambo ambalo sisi wadogo hatukuwa tukilijua. Alikuwa na miaka sita, kwenye harusi moja Maskati ya zamani, katika nyumba yenye ngazi nyingi. Akapotea tangu adhuhuri. Akarudi viatuni, akangoja, hakulia, mpaka usingizi ukamchukua. Mama alimkuta amelala mlangoni, kichwa juu ya makubadhi yake.

"Hakunigombeza," alisema kaka. "Kanambia, umefanya vizuri, umeningoja."

Dada alikuwa analia waziwazi. Mimi nilimaliza hadithi kwa sentensi chache, na kaka akauliza swali moja tu, ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu siku ile niliyochelewa kujibu. Aliuliza, kwa hiyo alipotea au hakupotea. Nikamwambia kwamba siku ile aliyepotea alikuwa mmoja, na ni mimi.

Hatukudanganyana. Gesi ni gesi, na chai ya chumvi tuliinywa kweli. Tulikubaliana lile jiko litolewe, litiwe la umeme linalojizima lenyewe, na kila asubuhi dada atapita Wattaya kabla ya kazi. Daktari tutaendelea kumwona. Lakini nyumba yake ni yake, na pale anapajua. Kaka ndiye aliyeyasema hayo, wala hatukumlazimisha. Alipoyasema alifuta uso kwa kiganja na kukaa sawa, na nikaona kwamba na yeye alikuwa amechoka kuogopa.

Mama akatoka chumba cha ndani, mtandio umekaa upande.

"Mshamaliza kunihukumu?"

"Tumemaliza, mama," alisema kaka. "Unarudi kwako."

"Alhamdulillah," akasema mama, akaketi, akaomba kahawa. Habari ya jiko la umeme aliisikiliza kwa uso uliokunjamana, akasema mchele wake utakuwa bokoboko, lakini hakukataa. Wakati wa kuondoka, mlangoni kulikuwa na rundo la viatu vya watoto na wajukuu. Kaka yangu, mwili wote ule, aliinama mwenyewe, akazitafuta zile raba, akazigeuza ncha zitazame nje.

Kesho yake nilikwenda Wattaya. Mama alikuwa kibarazani, sauti za magari upande wa pili wa ukuta, anachambua mchele. Nilimwekea raba zangu miguuni pake, zile nilizotembelea Ulaya. Hakuuliza za nini. Alinituma nimletee kopo la sindano, akavaa miwani, akashona uzi mwekundu kwenye ya kulia, kisha ya kushoto, mara nyingi, fundo nene lisilo na haya. Akakata uzi kwa meno na kunirudishia.

"Mara hii usisahau," alisema.

Nikamwambia sitasahau, mama.